Mpangaji anadaiwa miezi mitano: nifungue shauri au nimwache aende zake?

#1 Mzee wa Kwa Mrombo
Habari za jioni wakuu. Nina vyumba vya kupangisha huku Kwa Mrombo, Arusha. Chumba na sebule, choo ndani, 180,000 kwa mwezi. Agosti mwaka jana aliingia kijana mmoja dereva wa watalii, akalipa miezi sita taslimu bila kubembelezwa. Januari ikaisha, na tangu hapo ni stori tu. Mara bosi hajamlipa, mara wageni wameahirisha safari, mara mama anaumwa huko Babati. Leo tunamaliza mwezi wa sita, deni limefika 900,000. Simu anapokea akijisikia. Usiku taa inawaka, ukigonga inazimwa.

Mke wangu anasema nimsamehe atoke, Mungu atanilipa. Mdogo wangu anasema nimfikishe barazani hata ikinigharimu zaidi ya deni, maana wapangaji wengine watano wanatazama. Swali kwa wenye nyumba humu: mnajuaje kwamba shauri fulani halifai kufuatwa? Matusi sitaki, ushauri nataka.

#2 Kigoda
Naweka kigoda hapa. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 Fundi Bomba Sanawari
Toa mlango mzee. Mwambie unaupeleka kwa seremala ukapigwe randa. Baridi ya Arusha ya mwezi wa saba itamhamisha bila hati ya baraza lolote.

#4 Mtu wa Mafaili
#3 usimtie mzee wa watu matatizoni. Mafaili ya kesi za namna hii nimeyashika sana. Ukishatoa mlango, kesho yake kijana anakuja na mashahidi kusema ndani kulikuwa na kamera ya mgeni, dola 2,000 na pasipoti. Utabisha vipi, na mlango umeutoa kwa mkono wako? Deni linabaki palepale na wewe umeshapata kesi. Hapo ndipo mdai anageuka mdaiwa.

#5 Chuma cha Sombetini
Polisi tu mkuu. Akilala ndani siku mbili hela itaonekana.

#6 Mama Wawili Pasua
#5 polisi wa wapi hao? Mimi huku Moshi nilikwenda, nikaambiwa mama hayo ni madai, si jinai. Na walisema kweli. Kushindwa kulipa kodi ya nyumba si wizi.

#7 Baba Tena
Nenda baraza la kata. Ni karibu, ni rahisi, uwezo wao mwisho milioni tatu na wewe unadai laki tisa tu. Wanaamua wenyewe, biashara imeisha.

#8 Mtu wa Mafaili
#7 hiyo ilikuwa zamani. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, baraza la kata haliamui tena, linasuluhisha tu. Limepewa siku 30. Wakishindwa wanakupa hati kwamba suluhu imeshindikana, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hatua hiyo unarudishwa mlangoni.

#9 Baba Tena
Haya wakili. Na huko wilayani inachukua muda gani?

#10 Mtu wa Mafaili
Muda wa kuchosha. Leo mwenyekiti wa baraza amesafiri, kesho washauri hawajatimia, keshokutwa mpangaji kaleta cheti cha daktari. Wakati huo wote bado analala kwako.

Halafu watu wanadhani wakishinda wamemaliza. Ukishinda ndiyo unaanza kukazia hukumu, yaani kumlazimisha mdaiwa alipe, na dalali wa kukazia hafanyi kazi kwa sala. Akifika kwa mdaiwa, kuna vitu sheria ya mwenendo wa madai inamkataza kugusa: nguo, kitanda na matandiko, vyombo vya kupikia, zana za kazi za fundi. Sasa niambieni, mtu wa chumba na sebule ukiondoa hivyo anabaki na nini? Tivi na friji. Na friji lenyewe ukute analilipia kidogo kidogo.

#11 Chuma cha Sombetini
Si afungwe basi?

#12 Mtu wa Mafaili
Mfungwa wa madai yupo kisheria. Ila fedha ya kumlisha akiwa gerezani unaitoa wewe mdai. Alale bure kwako Kwa Mrombo, kisha ale bure kwako Kisongo.

#13 Mpangaji Sugu
Hahaha! #12 umenifurahisha jioni yangu. Wenye nyumba poleni sana 😂

#14 Dada Mhasibu Njiro
Shikamoo mzee. Kabla ya yote, mkataba upo?

#15 Mzee wa Kwa Mrombo
Marahaba binti. Upo, ule wa ukurasa mmoja wa kununua duka la stesheneri, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Na daftari la malipo ninalo, amesaini mwenyewe miezi ile sita.

#16 Dada Mhasibu Njiro
Vizuri. Sasa mzee, hiyo 900,000 iweke pembeni kwanza, ndiyo inayokuchanganya. Unadai vitu viwili tofauti: pesa iliyopita na chumba cha leo. Pesa iliyopita haiongezeki thamani hata ukiikasirikia. Chumba kila mwezi kinapoteza 180,000 nyingine.

Akitoka katikati ya Julai, ukapaka rangi, ukapata mtu wa miezi sita, mkononi una 1,080,000. Ukimng'ang'ania barazani hadi Desemba, kwenye karatasi unadai 1,980,000 na mkononi huna kitu, huku nauli na fotokopi za nyaraka zimekutoka.

Kipimo changu ni kimoja: huyu mtu ana kitu cha kukamatika, au mshahara unaojulikana unakotoka? Mwalimu wa serikali nitamfuata hadi mwisho. Dereva anayelipwa kwa safari, nadai funguo tu.

#17 Mangi wa Kiboriloni
Hesabu nzuri dada, ila umesahau vyumba vitano. Mzee hauzi chumba kimoja, anauza heshima ya uwanja mzima. Mimi nilimsamehe mmoja miezi mitatu, nikamwambia nenda kwa amani. Kufika Pasaka watatu wengine wakaanza "mangi nivumilie kidogo". Wanaongea wale, wanafua pamoja, bomba moja. Ile kesi ambayo kwa hesabu ni hasara, kwa wanaobaki ni tangazo.

#18 Dada Mhasibu Njiro
#17 mangi, Pasaka inaangukia Machi au Aprili. Mwezi huo mji mzima hauna hela, wakulima wako shambani, watalii hawapo, ada za shule zimeshapita na kila kitu. Una uhakika gani walikuiga? Huenda walikuwa wamefulia tu.

#19 Mangi wa Kiboriloni
Walikuwa wamefulia huku wananunua sabufa?

#20 Baba Tena
😂😂 sabufa haikosekani kwa mdaiwa. Ni kama leseni.

#21 Dereva Mstaafu wa Mbugani
Wakuu mwacheni kidogo huyo kijana nimtetee, maana kazi hiyo nimeifanya. Masika ikishuka, Aprili na Mei, kambi nyingi za mbugani zinafungwa kabisa, barabara za ndani zinakuwa tope. Dereva asiye na ajira ya kudumu halipwi mshahara, analipwa kwa siku za safari pamoja na bahashishi ya wageni. Anaweza kukaa wiki nane bila safari hata moja. Ndiyo maana alilipa miezi sita Agosti: Julai mpaka Oktoba nyumbu wako kaskazini Serengeti, wageni wamejaa, dereva ana hela za kumwaga.

Mzee, umekaribia mavuno halafu unataka kung'oa shamba. Mpe mpaka katikati ya Agosti.

#22 Mtu wa Mafaili
Hoja ya msimu naielewa, lakini deni limeanza Februari. Februari ni ndama za nyumbu kule Ndutu, wageni wapo. Hapo alikuwa wapi?

#23 Dereva Mstaafu wa Mbugani
#22 umenibana. Labda hakupata kampuni.

#24 Mama Wawili Pasua
Mimi nitawaambia alikuwa wapi. Kausha damu. Hao vijana wakipungukiwa Januari wanachukua mkopo wa kausha damu, wa kulipa kila siku. Mwenye nyumba anakuwa wa mwisho kwenye foleni kwa sababu mwenye nyumba hapigi kelele kazini kwa mtu. Kwa hiyo mzee, Agosti akipata, hata harufu ya hela hutaisikia, wanakula wale kwanza. Wangu alikuwa fundi simu pale stendi, mchapakazi, hanywi. Kila jioni nilikuwa naona kijana wa pikipiki anasimama getini na kidaftari, nikadhani ni rafiki yake. Alipohama usiku na kirikuu, yule wa kidaftari ndiye aliyekuja kuniuliza mimi kaenda wapi.

#25 Mama Mbauda
Naomba niseme la kwangu. Nilikuwa na mpangaji apolo, mchimba tanzanaiti wa Mirerani. Anaingia shimoni, hapatikani, kodi hakuna. Kila mtu aliniambia mtoe vyombo. Nikakaza moyo, nikaacha. Siku moja akatokea na soda za watoto wa uwanja wote, akalipa deni lote na mwaka mzima mbele, na jirani yake mjane akamlipia miezi miwili. Sasa mkiniuliza kipimo, mimi sina. Natazama mtu.

#26 Chuma cha Sombetini
Mama, kwa kila apolo mmoja wa hivyo kuna ishirini waliozama. Kila mmoja anajiona Laizer wa 2020, aliyeuzia serikali mawe mawili kwa bilioni 7.7. Wewe ulibahatika.

#27 Mama Mbauda
Sikukataa kwamba nilibahatika.

#28 Kigoda
Tena apolo wa siku hizi si wale. Tangu ukuta wa kuzunguka migodi ya Mirerani ulipojengwa 2018 unapekuliwa getini, jiwe la kutoroka nalo hakuna. Mpangaji wa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ameisha Arusha.

#29 Fundi Bomba Sanawari
#28 uongo. Ukuta umewaumiza wachuuzi wa nje, si wachimbaji. Mimi nafunga mabomba nyumba zao Muriet mpaka leo.

#30 Kigoda
Muriet wanajenga madalali wa mawe, apolo wanapanga. Uliza.

#31 Babu Kihamba
Rudini kwenye nyumba, mawe mtaanzishia uzi wenu. Vijana hamjui kwamba zamani mwenye nyumba hakuwa na sauti namna hii. Kulikuwa na sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, na baraza lake maalum. Kupandisha kodi ovyo au kumtoa mtu ovyo ilikuwa shughuli. Ikafutwa 2005. Tangu hapo mambo yote ni mkataba wako na muhuri wa mwenyekiti. Mnalia baraza linachelewa, lakini ninyi ndio mnaopangisha kwa kupeana mikono getini.

#32 Mpangaji Sugu
Shikamoo babu. Waambie pia miezi sita mbele wanaitoa wapi, sheria gani hiyo? Mshahara tunalipwa kwa mwezi.

#33 Mangi wa Kiboriloni
#32 tunaitoa kwenye uzi huu huu. Soma #1.

#34 Mtu wa Mafaili
Mzee wa Kwa Mrombo, kabla hujaamua kusamehe au kushtaki, fanya kitu cha katikati ambacho hakina gharama. Mwite mbele ya mwenyekiti wa mtaa aandike kwa mkono wake kwamba anadaiwa kiasi fulani na atatoka tarehe fulani, asaini, mashahidi wasaini. Madai ya kodi ya pango yana miaka 6 kabla hayajapitwa na wakati, na akikiri kwa maandishi ndani ya muda huo hesabu inaanza upya. Kwa hiyo kumwachia aondoke leo si sawa na kufuta deni. Akija kuajiriwa na kampuni kubwa mwaka kesho kutwa, karatasi unayo.

Jambo la pili, mkataba wako una stempu ya ushuru? Muhuri wa mwenyekiti ni kitu kingine. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwako ni 21,600. Bila huo, mkataba unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipie ushuru na faini yake.

#35 Dada Mhasibu Njiro
Hapo ndipo penye siri ya kwa nini wenye nyumba wengi "wanasamehe". Ukifungua shauri unatoa mkataba, mkataba unaonyesha kodi, kodi ina asilimia 10 ya TRA. Mtu anajikuta ana huruma ghafla.

#36 Baba Tena
Dada umetupiga kwenye mbavu. Kimya uwanja mzima.

#37 Chuma cha Sombetini
Swali kwa #34. Kama mtu ameshahama na unadai hela tupu, si unakwenda mahakama ya mwanzo kama deni la kawaida? Jirani yangu alifanya hivyo, akasikilizwa.

#38 Mtu wa Mafaili
Wapo wanaofanya hivyo, na wapo waliokatwa njiani kwa hoja kwamba mgogoro wa pango ni wa mabaraza ya ardhi. Wanasheria wenyewe wanavutana. Ukipita huko, jiandae kutumia tarehe za mwanzo kubishana kama umegonga mlango sahihi.

#39 Mama Wawili Pasua
Hiyo tu inanitosha mimi kuacha. Sina hela za kubishania mlango.

#40 Mpangaji Sugu
Wenye nyumba, kabla hamjatuhesabia madeni, kodi ya jengo tunailipa sisi kwenye luku. 1,500 kila mwezi inakatwa nikinunua umeme. Mwaka ni 18,000. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Nikitoka naikata kwenye deni.

#41 Mangi wa Kiboriloni
Si 1,000?

#42 Mpangaji Sugu
Ilianza 1,000 mwaka 2021. Ikapanda 2023. Unaona, hata hujui, kwa sababu hulipi wewe.

#43 Mangi wa Kiboriloni
Aika mbe kwa taarifa. Nitakurudishia ukimaliza kulipia dirisha ulilovunja.

#44 Mzee wa Kwa Mrombo
Wakuu nimerudi, nawashukuru wote. Jana tumekaa na kijana kwa mwenyekiti. Kakiri deni, kaandika. Anasema ana 300,000 sasa hivi, atatoka tarehe 15 mwezi ujao, na ananiachia friji mpaka amalize 600,000 iliyobaki. Au nimwache akae hadi Agosti alipe yote, maana ana safari ya siku tisa imethibitishwa na wageni wa Ujerumani. Barua pepe ya kampuni kanionyesha kwenye simu. Mke wangu anasema friji asilione ndani mwake. Mdogo wangu amenuna.

#45 Dada Mhasibu Njiro
Chukua 300,000 na tarehe 15. Safari ya siku tisa hailipi 900,000 na kausha damu kwa pamoja.

#46 Dereva Mstaafu wa Mbugani
Mjerumani hana bahashishi ya kutisha, lakini safari za Agosti zinafuatana. Ningempa Agosti.

#47 Fundi Bomba Sanawari
Friji usichukue. Ukilichukua likiharibika utaambiwa lilikuwa zima, na likiwa la mkopo wenyewe watakuja kulifuata kwako.

#48 Mangi wa Kiboriloni
Chukua hela, chukua karatasi, na wale watano wamwone akibeba godoro mchana kweupe, si usiku. Hiyo inatosha kuwa tangazo.

#49 Mama Ng'ombe Kibosho
Samahani jamani nimechelewa, nina la kwangu linalofanana. Mpangaji wangu wa nyumba ya uani kakimbia na deni la miezi minne, ila kaacha ng'ombe wa maziwa bandani, ana mimba. Simu haipatikani. Maziwa naweza kuyahesabu kama kodi?

#50 Baba Tena
Huyu sasa ndiye mpangaji mwenye kitu cha kukamatika! #16 kuja huku.

#51 Mtu wa Mafaili
Mama, usimuuze wala usimchinje. Muite mwenyekiti na majirani wawili, andikeni orodha ya alichoacha: ng'ombe, rangi, heleni ya sikio, hali yake. Kisha andika kila siku lita alizotoa na fedha ya majani, pumba na daktari wa mifugo. Akirudi mtapiga hesabu mkiwa na daftari.

#52 Dada Mhasibu Njiro
Mama, ng'ombe mwenye mimba anakamuliwa mpaka lini? Karibu na kuzaa si anakaushwa miezi miwili? Hapo unalisha tu. Na majani kiangazi hiki mzigo wa pikipiki shilingi ngapi huko Kibosho?

#53 Mama Ng'ombe Kibosho
Nimeshamkausha tangu wiki iliyopita. Majani naenda kukata mwenyewe mtoni. Nilichotaka kujua ni ndama: akizaliwa kwangu, akala kwangu, ni wa nani?

#54 Babu Kihamba
Jike au dume?

#55 Mpangaji Sugu
Wa mwenye ng'ombe. Hata huyo nimemtetea, jamani.

#56 Mangi wa Kiboriloni
#55 basi mwenye ng'ombe aje na kodi ya miezi minne na pumba. Mama, likiwa jike nipigie mimi kwanza.